Meno Saba Yaliyoachwa

Pikipiki iliacha barabara ya Segese ghafla, ikaingia njia ya ng'ombe.

Magesa ndiye aliyekuwa anaendesha. Alishusha gia, akakata usukani, na Land Cruiser ikaruka mtaro, ikatua katikati ya shamba la pamba lililokwisha kuvunwa. Limi alishika mpini wa mlango kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa kwenye bastola aina ya Walther, chini ya koti la kazi.

"Usimgonge," alisema. "Namtaka mzima."

"Nitamkata mbele, kwenye lambo."

Alimkata mbele, kwenye lambo. Ile Boxer iliteleza kwenye tope lililokorogwa na kwato, ikalala ubavu. Mwendeshaji alitambaa hatua tatu, kisha akakuta buti za Limi mbele ya pua yake.

Alikuwa Davis, tarishi wa Varga.

Limi alikuwa amemfuata kwa wiki tatu. Idara ya upelelezi ilimtuma Kahama kwa amri fupi: kuna mgeni mwenye pasipoti tatu, anajiita Varga, anavusha dhahabu ya Msalala na Geita kwa njia za panya. Ashikwe, na mzigo wake. Mjini walimjua Limi kama Mama Visu, wakala wa visu vya mashine na bitsi za kuchorongea miamba, mwanamke wa miaka thelathini na minane mwenye begi zito na maneno mengi. Hakuwa anaigiza sana. Kabla Idara haijamchukua alikuwa fundi mchongaji wa chuma, na vidole vyake bado vilikuwa na makovu ya kazi hiyo.

Alimpekua Davis kuanzia kofia hadi soksi. Alitarajia dhahabu.

Hakukuwa na dhahabu.

Kulikuwa na flashi moja iliyoshonewa ndani ya mkanda, na simu ndogo ya Tecno yenye ujumbe wa asubuhi ile: "Mwambie bosi ni saa kumi, zamu ikipanda. Faili lisibaki kwa fundi. C."

Davis alisema hajui lililomo. Alitumwa Nyahanga, kwenye karakana ya fundi Deusdedit, achukue flashi, ahakikishe faili limefutwa kwenye kompyuta ya fundi, kisha ampelekee Varga huko Segese. Basi. Limi alimwamini. Mtu yule alikuwa anaogopa kipigo, hakuwa na siri ya kuficha.

Kilichomchoma ni jina la Deusdedit. Mwalimu Deusdedit ndiye aliyemfundisha kushika tupa, miaka kumi na saba iliyopita, kabla mzee hajaacha kufundisha chuoni na kufungua karakana yake.

Alifungua Dell yake juu ya boneti. Ndani ya flashi mlikuwa na faili moja la CAM, programu inayochukua mchoro wa kipande cha chuma na kuugeuza kuwa njia atakayopita kisu cha mashine. Programu yenyewe alikuwa nayo. Wakala wa visu asiye nayo hauzi.

Mchoro ukatokea. Gurudumu la chuma, upana wa sinia kubwa ya pilau. Meno ishirini na manne kuzunguka ukingo, yote yameinama upande mmoja kama meno ya msumeno. Chini yake maandishi: Winchi, Duara Na. 2, Ushirika wa Nguvu Kazi, Segese.

Alibonyeza kitufe cha kuigiza. Kwenye kioo, kisu cha kijani kilianza kutembea. Kikazunguka jino la kwanza, la pili, la tatu, kazi safi isiyo na kasoro. Kilipomaliza jino la kumi na saba kikajiinua, kikarudi mahali pake pa kupumzikia.

Meno saba hayakuguswa.

Aliigiza tena. Akaingia kwenye mipangilio. Mtu alikuwa amechagua mzingo wote wa meno, halafu akaweka mwanzo hapa na mwisho pale, kwa makusudi, kwa kipimo cha sehemu ya kumi ya milimita. Kuchonga sehemu tu ya mzingo si kosa. Mafundi hufanya hivyo kila siku, wanaporekebisha kipande kilicholika au wanapokwepa kibano. Lakini hakuna fundi anayeliacha gurudumu la breki bila meno saba.

Magesa aliuliza gurudumu lile linafanya nini. Limi akamweleza. Winchi inashusha na kupandisha kizimba cha wachimbaji ndani ya duara, yaani shimo la mgodi. Umeme ukikatika, ulimi wa chuma unaangukia kwenye meno ya gurudumu na kulizuia lisirudi nyuma. Ulimi ukikuta jino, kizimba kinasimama. Usipokuta, kizimba kinapata kasi, na hata jino zima linalofuata haliwezi tena kukishika.

"Duara la Nguvu Kazi lina kina gani?" Magesa aliuliza.

"Mita mia na arobaini."

Magesa alitema mate chini.

Limi alifunga kompyuta kwa nguvu. Haikuwa hofu. Hofu aliijua, alikwisha kuishi nayo. Hiki kilikuwa kinyaa, kama cha mtu aliyefunua sufuria ya mboga akakuta funza. Kuua watu ni jambo moja. Kukaa mbele ya kompyuta, labda na kikombe cha chai pembeni, ukahesabu ni meno mangapi yatoshe kuwaua, hilo lilikuwa jambo jingine.

Alichukua redio ya Motorola, akaita makao makuu ya Idara kwa majina ya siri.

"Ghala, hapa Sindano."

"Sema, Sindano."

"Mzigo si dhahabu. Mzigo ni watu. Saa kumi leo, Segese, Duara namba mbili."

Redio ilikoroma kidogo.

"Idadi?"

"Kumi na wawili kwa safari moja. Zamu nzima ni thelathini na sita."

"Lengo?"

"Leseni. Wakifa, ushirika unafungiwa na eneo linarudi sokoni. Varga alisajili kampuni mwezi uliopita. Sasa najua ya nini."

"Unaweza kumfunga kwa ulicho nacho?"

"Faili na tarishi. Atavikana vyote. Inabidi ashikwe mtu wake akiwa na mkono kwenye swichi."

"Watu kwanza, Sindano."

"Watu kwanza."

Kabla ya kuondoka alimtumia Varga ujumbe akitumia simu ya Davis: tairi limepasuka, nitachelewa, mzigo ninao. Jibu lilikuja neno moja. "Harakisha." Walimfunga Davis pingu, wakaipakia Boxer nyuma, wakaelekea Segese.

*

Mwenyekiti wa ushirika alikuwa Paskalia, ambaye wote walimwita Mama Abel, mjane mwenye sauti nzito aliyevaa kofia ngumu ya mgodini juu ya kilemba. Abel, mwanawe wa kwanza, alikuwa kiongozi wa zamu. Alikuwa chini.

Limi alimwamkia, akaitikiwa, akaomba waongee ndani ya banda la winchi, mlango ukiwa umefungwa. Huko akamwambia kwamba yeye si mwuza visu tu. Akamweleza yote, polepole, bila kupunguza. Mwishoni Mama Abel aliuliza kitu kimoja: huyo C ni nani.

"Nadhani ni Injinia Clemens," Limi alisema. "Winchi iko chini yake."

Clemens alikuwa msimamizi wa usalama, ameajiriwa mwaka jana, mtu wa kwaya, mtaratibu. Kila asubuhi alisimama kwenye mdomo wa duara na kumpa mkono kila anayeshuka.

"Leo pia alisimama," Mama Abel alisema. "Alimshika mwanangu mkono. Akamwombea."

Limi aliuliza kuhusu ngazi. Mama Abel akasema ngazi za dharura ziling'olewa wiki mbili zilizopita, kwa agizo la Clemens huyo huyo, kwamba zimeoza na mpya zinakuja. Mpya hazikuja. Njia ya kutoka ilikuwa moja tu, kizimba, na umeme wa jenereta siku hizo ulikuwa unakatika kila baada ya saa moja au mbili bila sababu ya kueleweka.

Sasa sababu ilieleweka. Clemens alikuwa anawazoesha.

Yeye mwenyewe alikuwa amekwenda Kahama kwenye kikao. Angerudi saa tisa na nusu.

Saa ya Limi ilisema saa tano kasorobo.

Walifungua kifuniko cha winchi. Gurudumu lilikuwa limepakwa grisi nzito, nyeusi, vidole viwili kwa unene. Limi aliikwangua kwa kisu chake, akaifuta kwa tambara, akafika kwenye chuma. Meno kumi na saba yalikuwa makali, marefu, mazuri. Akaendelea kukwangua. Yale saba yaliyofuata yalikuwa mikwaruzo ya grainda, yamepakwa rangi nyeusi ili jicho lidanganyike. Aliingiza venia, rula ya mafundi ya kupimia kina, kwenye bonde la jino zima: milimita kumi na nane. Akaingiza kwenye lililoachwa.

Nne.

Kwenye ukingo wa pipa la waya, mtu alikuwa ameweka nukta nyeupe ya rangi. Limi alizungusha kidogo akaona maana yake. Nukta ikisimama juu, ulimi uko juu ya meno mabovu. Clemens alihitaji tu kuitazama nukta, na kukata umeme kwa wakati. Wakaguzi walipokuja alikata nukta ikiwa chini, ulimi ukashika, nao wakasaini.

Mama Abel aliweka kidole kwenye mkwaruzo mmoja, akakiondoa haraka kama aliyegusa kinyesi.

"Unaweza kulitengeneza?"

"Chuma kimebaki. Hakikukatwa, kwa hiyo kinaweza kukatwa. Nahitaji mashine."

Walikifunga kizimba kwa minyororo kwenye magogo ya mdomo wa duara. Mafundi wawili wa ushirika wakang'oa gurudumu. Kwa simu ya duara Limi aliongea na Abel peke yake. Abel alisikiliza, akavuta pumzi, akasema vijana wake atawaambia kuna matengenezo, waendelee na kazi. Sauti yake haikutetereka. Aliuliza tu kama mama yake anajua.

"Yuko hapa kando yangu."

"Basi sawa."

*

Karakana ya Deusdedit ilikuwa Nyahanga, nyuma ya maduka ya vipuri. Mashine ya CNC, inayokata chuma kwa amri za kompyuta, ilijaza nusu ya chumba. Mzee alikuwa anafuta mikono kwa tambara Limi alipoingia, Magesa na mafundi wawili nyuma yake wakibeba gurudumu.

"Shikamoo, Mwalimu."

Salamu ilimtoka kabla hajaizuia, ikamwachia uchungu mdomoni.

Deusdedit aliliona gurudumu. Tambara lilisimama mikononi mwake.

Hakukuwa na haja ya kumbana. Alieleza mwenyewe, macho yakiwa sakafuni. Faili lililetwa likiwa tayari, na mwanzo na mwisho umekwisha kuwekwa. Aliambiwa sehemu iliyobaki itachongwa kwenye mashine nyingine, kubwa zaidi. Akachonga. Baada ya siku mbili gurudumu likarudi kwake kusuguliwa tundu la katikati, na meno saba yakiwa yamekwaruzwa kwa grainda.

"Kwa hiyo uliyaona," Limi alisema.

"Niliyaona."

"Ukauliza?"

"Sikuuliza." Mzee alikunja tambara, akalikunjua. "Mimi nilikata nilichoambiwa nikate, Limi."

Limi alikuwa amesikia watu wengi wakikiri. Wengine walilia, wengine walitukana. Hakuwahi kusikia ungamo lililopanguswa safi hivyo, bila hata alama ya kidole. Aliyatazama mashavu yale, mvi zile, miwani ile iliyofungwa kwa uzi, na akajikuta hataki kusimama karibu naye. Lakini mashine ilikuwa yake, na mashine kila moja ina tabia zake.

"Washa," alisema.

Deusdedit alishauri waukate mzingo wote upya, meno yote ishirini na manne, kwamba ni salama zaidi. Limi alikataa. Mzingo wote unachukua saa tatu. Na kipande kikishatoka mezani hakirudi mahali pake pa mwanzo, hata kwa unywele mmoja. Kisu kikipita tena kwenye meno mazuri kitayapunguza, na jino lililopunguzwa ndilo linalovunjika siku ya mzigo.

"Saba tu," alisema. "Mengine kisiyaguse."

Walilifunga gurudumu. Walilipima katikati kwa kipimo cha mshale, halafu wakapima ubavu wa jino la kumi na saba na la kwanza, wakaligongagonga kwa nyundo ya mpira mpaka mshale ukatulia. Kazi hiyo iliwala dakika ishirini na tano, na mzee aliifanya vizuri. Hilo nalo lilimchukiza Limi. Mikono ilikuwa mizuri vilevile.

Akakaa kwenye kompyuta. Akachagua mzingo. Mwanzo akauweka kwenye bonde baada ya jino la kumi na saba. Mwisho, kabla ya jino la kwanza. Kiingilio cha kisu akakianzisha nje ya chuma, kwa mkunjo laini, ili kisu kisiache kovu kwenye jino zima. Akaigiza mara tatu. Mara zote kisu cha kijani kilipita saba na kuacha kumi na saba.

Mashine ikaanza kukata. Maji meupe ya kupoozea yaliruka kwenye kioo. Jino la kwanza likatokea, kisha la pili, la tatu, la nne.

Kisu kiliingia kwenye jino la tano, na umeme ukakatika.

Mtaa mzima wa Nyahanga ukanyamaza. Magesa alitazama saa. Saa saba na dakika hamsini.

Umeme ulirudi baada ya dakika tisa. Ncha ya kisu ilikuwa imevunjika ndani ya chuma. Limi alifungua begi lake la Mama Visu, akatoa kipya, akakifunga mwenyewe. Deusdedit alisema waanze tena kutoka jino la kwanza kati ya saba, programu irudie. Kurudia kungekuwa kukata hewa kwa nusu saa, na nusu saa hawakuwa nayo.

Limi aliuhamisha mwanzo. Aliuweka kwenye mgongo wa jino la nne, akarudi nyuma milimita tatu ili mkato mpya ukutane na wa zamani bila ngazi. Sehemu ya sehemu. Akaigiza mara moja tu.

"Endesha."

Kisu kikashuka, kikakutana na mkato wake, kikapita.

Saa nane na nusu alipitisha venia kwenye mabonde yote saba. Kumi na nane. Kumi na nane. Kumi na nane. Hakutabasamu. Alimwambia Deusdedit aingie kwenye gari, kwa sababu kufunga gurudumu nako kulihitaji mikono yake.

*

Clemens alirudi saa tisa na dakika thelathini na tano, njiti ya meno mdomoni. Winchi ilikuwa imefunikwa, grisi imepakwa upya, nyeusi na nzito. Mama Visu alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya banda na begi lake. Clemens alimsalimia kwa uchangamfu, akamwita shemeji, akamuuliza kama biashara inakwenda. Alimpa mkono.

Limi aliupokea. Ulikuwa laini na wa uvuguvugu, na ilimbidi ajizuie asijifute kwenye suruali.

Juu ya swichi kuu ya jenereta, nyuma ya banda, kulikuwa na kamera ndogo kama kifungo cha shati. Picha yake ilikuwa kwenye simu ya Limi. Magesa alikuwa kilimani tayari, mahali pekee ambapo mtu angeweza kuutazama mdomo wa duara kwa mbali, akitafuta gari la Varga.

"Ghala, meno yote saba yapo mahali pake."

"Kizimba?"

"Kitapanda na mawe. Abel anapakia viroba, uzito wa watu kumi na wawili. Kengele itapigwa ya watu."

"Endelea."

Saa kumi kamili kengele ililia kutoka chini. Mara tatu. Watu wanapanda.

Kwenye simu, Limi alimwona Clemens akiingia nyuma ya banda. Akatoa simu yake, akasema neno moja: "Wanapanda." Akachungulia kwenye ufa wa ubao, ambako pipa la waya lilionekana. Winchi ilinguruma. Nukta nyeupe ilizunguka, ikaja juu, ikapita. Ikazunguka tena. Clemens alikuwa anahesabu kwa midomo, mkono kwenye mpini wa swichi, kama mtu anayesubiri zamu yake kuimba.

Mzunguko wa ishirini, nukta ilipofika juu, alishusha mpini.

Jenereta ikafa. Pipa lilirudi nyuma kiganja kimoja.

Kisha chuma kikagonga chuma, mlio mmoja mzito uliotikisa mabati ya banda, na waya ukasimama umenyooka, ukitetemeka. Ulimi ulikuwa umeng'ata jino la ishirini na moja.

Kilichofuata Limi hakuja kukisahau. Clemens alikimbia kutoka nyuma ya banda akiwa na mikono kichwani, machozi tayari mashavuni. Alilia kwa sauti, akiita watu wetu, Mama Abel, watu wetu wamekwisha. Alijitupa magotini kwenye mdomo wa duara. Alikuwa amelifanyia mazoezi lile. Alikuwa ameandaa hata machozi, na hakusubiri kusikia kama kizimba kimeanguka.

Mama Abel alisimama juu yake, mikono kiunoni.

"Watu bado wapo chini," alisema. "Hayo uliyoyalilia ni mawe."

Clemens aliinua uso. Aliutazama waya, kisha pipa, kisha nukta yake nyeupe iliyokuwa imesimama juu kabisa. Machozi yalikauka mara moja, kama bomba lililofungwa. Akaanza kusema umeme umekatika, kwamba yeye alikuwa anakwenda kuangalia.

Limi alimwonyesha simu. Picha ilikuwa wazi: mkono, mpini, midomo ikihesabu. Akamfunga pingu akiwa bado magotini. Wachimbaji wa zamu ya jioni walikuwa wamesogea, na sululu mikononi. Mama Abel aliwaambia kwa Kisukuma warudi nyuma, wasijichafue. Wakarudi.

"Sindano, hapa Magesa," redio ilisema. "Prado nyeupe, chini ya jabali. Nimetoa upepo matairi mawili. Hajajua."

"Nakuja."

Ulikuwa mwendo wa dakika sita kwa miguu. Varga alikuwa amekaa kiti cha mbele na kioo kimeshushwa, darubini ya Zeiss shingoni. Mapajani alikuwa na kuku wa kuchoma kwenye karatasi. Alikuwa amekuja na chakula. Mifupa iliyokwisha kunyonywa ilipangwa kwenye dashibodi, mmoja mmoja, kwa unadhifu.

Limi aliinusa ile harufu ya mafuta na pilipili, akarudi nyuma hatua moja. Mtu alifunga chakula kwenye karatasi, akapanda kilima, akatafuta kivuli kizuri, ili ale huku akiangalia watu kumi na wawili wakifa.

Varga aliiona bastola. Aliweka chini paja la kuku, akafuta vidole kimoja baada ya kingine. Kiswahili chake kilikuwa cha hotelini, chepesi. Alisema hakuna aliyekufa, kwa hiyo hakuna kesi. Alisema ana majina, makubwa, ya Mwanza na ya nje, na mwanamke mwenye akili angeyataka majina hayo kuliko kumtaka yeye.

"Toka kwenye gari," Limi alisema.

"Tunaweza kuzungumza kama watu wazima."

"Toka."

Hakujiamini kusema zaidi. Magesa alimtoa, akamfunga, na Limi akazungumza na redio akiwa amewapa mgongo wote wawili.

"Ghala. Varga mkononi. Injinia mkononi. Picha na sauti ninazo."

"Vizuri, Sindano. Na watu?"

"Nakwenda kuwahesabu."

Kizimba kiliposhushwa tena, kilikwenda kwa jenereta yenye mlinzi kwenye swichi, na Mama Abel mwenyewe kwenye winchi. Kikapanda na kumi na wawili. Wakatoka wakipepesa macho, weupe kwa vumbi la mawe, wakishangaa kwa nini watu wote wamejaa pale na hakuna anayeongea. Kikapanda na kumi na wawili wengine. Kila mara nukta ilipopita juu, Limi aliutazama ulimi ukitembea juu ya yale meno saba, taka, taka, taka, ukishika na kuachia kama unavyotakiwa.

Safari ya mwisho ilikuwa na Abel. Alikuwa mrefu, mkimya. Mama yake hakumkumbatia mbele ya watu. Alimvua kofia, akamkung'uta vumbi begani, akamvalisha tena.

Thelathini na sita.

Mama Abel alimshika Limi mkono kwa mikono yake miwili. "Wabeja, mayu," alisema. Asante, mama. Akamwambia kuna michembe ya viazi vitamu na karanga nyumbani, hawezi kuondoka na njaa. Limi alishukuru, akasema siku hiyo chakula hakipiti. Mama Abel alimtazama, akaelewa, hakumsihi.

Karibu na gari Deusdedit alikuwa anamsubiri, tambara lake bado mkononi. Karandinga la polisi lilikuwa linakuja barabarani, na alikuwa ameliona. Aliuliza, kwa sauti ya chini, kama kwenye taarifa yake Limi ataandika kwamba yeye naye alikuwepo leo, kwamba alisaidia kuyamalizia.

Limi alifungua mlango wa Land Cruiser, akatupa begi ndani.

"Nitaandika ulichokata, Mwalimu," alisema. "Na ulichoacha."

Alimwacha amesimama pale kwa ajili ya askari, pamoja na Davis, Clemens na Varga katika pingu zao. Akaenda kwenye pipa la maji kando ya banda, akamimina sabuni ya unga kiganjani, akanawa mikono hadi viwikoni, mara mbili, bila haraka. Kisha akapanda gari. Magesa alimuuliza waelekee wapi.

"Popote penye upepo," alisema, akashusha kioo hadi mwisho.